Bwawa la viboko na ploti ya kaka

KAKA yangu mkubwa amefanya kazi jijini Nairobi kwa miaka ishirini na miwili, na kwa miaka hiyo yote hajawahi kumiliki hata pahali pa kuchimba shimo la takataka. Amelipa kodi ya nyumba huko Eastlands mpaka mwenye nyumba wa kwanza akafariki, na sasa anawalipa watoto wake. Ndiyo maana aliponipigia simu Ijumaa usiku na kusema, "Dada, kesho twende Kitengela, nimepata ploti," sikuwa na la kupinga. Niliuliza tu tutaondoka saa ngapi.

Nilitoa sharti moja, hata hivyo. Binti yangu, aliye Gredi ya Sita, alikuwa amepewa kazi na mwalimu wake: atembelee mahali penye maji panapohifadhiwa, kisha aandike alichokiona kwa macho yake, si alichokisoma. Niliposikia jina Kitengela nikakumbuka kwamba karibu na hapo, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kuna Bwawa la Viboko. Tukaafikiana: asubuhi ploti, alasiri viboko. Kaka alikuja na mwanawe, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu, kijana asiyesema mengi lakini anayetembea na daftari kama karani wa mahakama.

Msomaji aliyepita barabara ya Namanga hivi karibuni anajua hali ilivyo. Ukiiacha barabara ya Mombasa pale Athi River unapishana na malori ya saruji, kisha unaingia Kitengela, mji ambao wazee wangali wanauita Noonkopir. Kila nikirudi huko naupata umeongeza ghorofa na umepunguza uwanda. Tulikata kona tukaingia barabara ya vumbi. Ilikuwa mwisho wa Septemba, wakati ambapo nyasi za Kajiado na udongo wake hukaribia kuwa rangi moja. Pande zote ni vigingi, seng'enge na mabango ya ploti zinazouzwa. Lakini tulipofika kwa ploti yenyewe, macho yalipata pumziko. Ilikuwa kijani kibichi.

"Mama, unajionea mwenyewe," akasema dalali, kijana nadhifu aliyejua kuchagua viatu vya vumbi. "Hapa maji si shida. Ukichimba futi chache tu, haya hapa."

Ilikuwa futi 50 kwa 100, ile tunayoiita moja ya nane ya ekari, na bei yake ilikuwa karibu nusu ya bei ya zile zilizokuwa mwinukoni. Kaka alikwisha anza kupima sebule kwa hatua. Mimi nilikuwa nikitazama mambo mengine. Upande wa chini palikuwa na matete. Yangeyange watatu, wale ndege weupe wanaofuata ng'ombe, walikuwa wamesimama hapo ingawa ng'ombe hawakuwapo. Udongo mweusi ulikuwa umepasuka kwa juu, lakini binti yangu alipotia kijiti katika ufa kilitoka na tope. Sikusema neno. Kaka alikuwa na furaha ambayo sijaiona usoni pake tangu siku ya harusi yake, na mtu hamvunji moyo mkubwa wake mbele ya dalali. Malipo ya kwanza yalitakiwa kufikia Ijumaa iliyofuata.

Tuliingia mbugani kwa lango la upande wa Athi River. Wanaopanga kwenda wajue kwamba siku hizi pesa taslimu hazipokelewi langoni, hivyo jitayarishe kulipa kwa simu au kadi. Chupa za plastiki za kutumiwa mara moja nazo haziruhusiwi. Zilipigwa marufuku katika mbuga na misitu inayohifadhiwa tangu Juni 5, 2020. Binti yangu aliinywa soda yake yote papo hapo kuliko kuiacha, na baadaye njiani tulilipia kosa hilo kwa kusimamasimama.

Mbuga hii ndiyo ya kwanza kutangazwa nchini Kenya, mnamo Desemba 1946. Ukubwa wake ni kilomita 117 za mraba, na imezungushiwa ua pande zote isipokuwa kusini. Huko kusini mpaka wake ni mto Mbagathi, na ng'ambo ya mto ni Kajiado. Upande huo ulio wazi nitaurudia, kwa sababu ndio uliotufanya mimi na kaka tubishane hadi jioni.

Katika mbuga nyingi ukifungua mlango wa gari unatafuta balaa. Penye Bwawa la Viboko ni tofauti. Unaliacha gari, unapokewa na askari wa wanyamapori mwenye bunduki, na unatembea kwa miguu ukiufuata ukingo wa mto. Kijia chenyewe kinapita chini ya migunga ya gome la manjano, miti mirefu inayong'aa kama iliyopakwa rangi. Walowezi wa Kizungu waliiita miti ya homa. Waliona kwamba kila anayepiga kambi chini yake anaugua, wakaushitaki mti. Kumbe mti huo hupenda kumea palipo na maji, na palipo na maji ndipo mbu huzaliana. Mti haukuwa na hatia.

Nitasema kweli: bwawa lenyewe si kubwa. Anayetarajia ziwa atasikitika. Ni mahali ambapo mto unapanuka na kutulia, maji yake rangi ya chai ya maziwa, kingo zake zimeota matete na vichaka. Kwa dakika kumi za kwanza tuliona tumbili tu, na hao walikuwa wakitutazama sisi kuliko sisi tulivyowatazama wao, hasa mfuko wa mandazi. Kaka alianza kuangalia saa.

Ndipo binti yangu akanivuta mkono. "Mama, lile jiwe limepumua."

Mawe yalikuwa matano. Moja likatikisa masikio, likapuliza maji puani, likazama. Askari akatuambia tuanze kuhesabu. Tulifika sekunde mia mbili na kitu ndipo likaibuka tena, karibu na pale pale. Kiboko mzima huweza kukaa chini ya maji kwa takriban dakika tano. Hata akilala usingizi humo, mwili humpandisha juu kuvuta pumzi na kumshusha tena bila yeye kuamka. Na jambo lililomshangaza hata kijana wa chuo kikuu ni kwamba kiboko haogelei kama tunavyodhani. Mwili wake ni mzito mno. Hutembea au kurukaruka juu ya sakafu ya mto. Jamaa zake wa karibu zaidi katika ukoo wa wanyama si nguruwe, kama sura yake inavyodanganya, bali ni nyangumi.

Mchana hujificha majini kwa sababu ngozi yake haivumilii jua. Hutoa majimaji mekundu ambayo watu wa zamani walidhani ni jasho la damu, lakini kazi yake ni kuikinga ngozi. Usiku hutoka akaenda malishoni, na kiboko mmoja hula takriban kilo 40 za nyasi kwa usiku mmoja. Alfajiri hurudi kwa njia ile ile aliyotokea. Askari alituonyesha njia hiyo, mfereji laini uliochongwa na vizazi vya nyayo, na akatuonya tusisimame juu yake. Kiboko aliye nchi kavu akiogopa, hukimbilia maji, na ukiwa kati yake na maji hakuzunguki.

Mamba tulimwona baadaye, upande wa pili, amelala mdomo wazi juu ya mchanga. Alikuwa ametulia hata kaka akasema huyo ni wa sanamu. Mamba hupanua mdomo hivyo ili kupoza mwili. Mayai yake huyafukia mchangani, na joto la mchanga ndilo huamua kama atakayetoka ni dume au jike. Karibu naye juu ya gogo kobe wa maji walikuwa wamejipanga kwa ukubwa, kana kwamba wanangoja matatu.

Ndege ndio waliotuchelewesha. Mnandi mweusi alikuwa ametandaza mabawa kuyakausha. Mdiria, yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu, alijitupa majini mara tatu na mara ya tatu akatoka na samaki. Katika tandu za mgunga mmoja palikuwa na rundo la vijiti kubwa kuliko gudulia la bibi harusi, nami nikalijua mara moja. Hilo ni tundu la fundichuma, ndege wa rangi ya kahawia mwenye kichwa kama nyundo. Nyumbani kwetu tukiwa watoto tulikatazwa kabisa kuligusa. Aliyelibomoa alionywa kwamba nyumba yake mwenyewe ingepatwa na mkosi. Nimesikia katazo hilo hilo kwa marafiki wa makabila matatu tofauti. Ndege huyo amelindwa na bibi zetu kwa miaka mingi bila bunduki wala lango la kulipia.

Ilikuwa hapo, tukimtazama fundichuma akipapasa tope kwa mguu kutafuta chura, ndipo kijana wa kaka akauliza swali lake la kwanza tangu asubuhi.

"Shangazi, haya maji yanatoka wapi?"

Nilifungua mdomo kusema "mtoni" nikaufunga. Swali lilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala haya badala ya yale niliyokuwa nimepanga kuhusu bei ya sare za shule.

Maji yale hayaanzi mbugani. Mto Mbagathi hukusanya vijito vya upande wa milima ya Ngong, ukateremka kando ya Ongata Rongai, mji uliokua haraka kuliko mabomba yake ya maji taka, ndipo ukawa mpaka wa mbuga. Mto mdogo wa Mokoyeti, unaopita ndani ya mbuga, hujiunga nao. Kutoka hapo ndio mto Athi. Msomaji asichanganye na mto Nairobi, ule unaobeba uchafu wa katikati ya jiji. Huo hukutana na Athi mbele zaidi, ukishalipita bwawa. Kisha Athi unazunguka Ukambani, unaingia Tsavo na kuitwa Galana, na mwishowe kwa jina la Sabaki unamwagika katika Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Mvuvi wa Malindi anayeona bahari ikigeuka nyekundu wakati wa mvua anautazama udongo wetu sisi wa bara.

Kwa hivyo sheria ya mbuga inamlinda kiboko, inalinda mgunga, inalinda hata tundu la fundichuma. Lakini maji ambamo kiboko anakaa yamekwisha pita kwa watu wengi kabla ya kufika langoni, na hayalipi ada wala hayakaguliwi. Mtu akivuta maji ya mto kwa pampu huko juu kumwagilia sukuma wiki, bwawa hushuka. Lori la kunyonya maji taka likimwaga shehena yake mtoni usiku, bwawa hupokea.

Na maji yakipungua mno hata kiboko mwenyewe hugeuka tatizo. Mwaka 2018 wanasayansi waliochunguza mto Mara walieleza jinsi kinyesi cha viboko kinavyorundikana katika mabwawa wakati wa kiangazi, kikamaliza hewa ya oksijeni majini. Mvua ya ghafla ikilisukuma rundo hilo, samaki hufa kwa wingi. Kinyesi hicho hicho, mto ukiwa unatiririka vyema, ni chakula cha samaki. Tofauti ni mtiririko tu.

Tuliondoka saa kumi tukaenda kula nyama Kitengela, na hapo mezani ndipo nikasema nililokuwa nimelimeza tangu asubuhi.

"Kaka, ile ploti ni bwawa."

"Ni ploti," akasema. "Nimeona vigingi."

"Umeona na matete."

Akacheka, akamwita mhudumu aongeze kachumbari. Halafu akasema neno ambalo mpaka leo sijapata jibu lake kamili: "Dada, hao viboko wamepewa kilomita mia moja na kumi na saba. Mimi naomba futi hamsini kwa mia."

Ukweli ni kwamba wanyama hao hawakuwahi kutosheka na kilomita hizo 117, na hawakukusudiwa watosheke. Ndiyo maana upande wa kusini haukuzibwa. Mvua zikinyesha, nyumbu na punda milia walivuka Mbagathi wakatawanyika katika nyanda za Kitengela na Kaputiei kula nyasi fupi na kuzaa. Kiangazi kikishika walirudi mbugani kwa sababu mito na mabwawa ya huko hayakukauka. Walikwenda na kurudi hivyo mwaka hata mwaka, na simba wakawafuata. Wamaasai waliishi na msafara huo na ng'ombe wao bila kuwekeana mpaka.

Kisha yakafuata mambo kwa haraka. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila familia ikapata hatimiliki yake. Mwaka 1990 likaja eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje, EPZ, pale Athi River. Wafanyakazi wakahitaji vyumba, na aliyekuwa na shamba akagundua kwamba ekari moja ingemletea zaidi ya kundi la mbuzi. Simlaumu. Mwaka 1978 nyumbu wa nyanda hizo walihesabiwa kuwa zaidi ya 30,000. Kufikia 2011 walikuwa chini ya 5,000. Hawakuuawa wote kwa mishale. Wengi walikosa tu mahali pa kupita.

Jitihada zilifanywa. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye mashamba shilingi 300 kwa kila ekari kwa mwaka ili wasizungushe seng'enge, wasichimbe mawe na wasiuze, na malipo yalipangwa yalingane na wakati wa karo za shule. Familia nyingi zilijiunga. Lakini pesa hizo zilitegemea wafadhili, na bei ya ploti haikungoja mfadhili yeyote. Wakati huo huo simba aliyekosa nyumbu aliingia kwenye zizi. Juni 2012 wakazi wa Kitengela waliwaua simba sita kwa siku moja baada ya mbuzi na kondoo wao kushambuliwa. Na hapo hapo katika ukingo wa mbuga kijana Richard Turere, aliyekuwa mtoto wa kuchunga ng'ombe wa babake, alikuwa amevumbua taa zinazomweka kwa zamu kuzunguka zizi, simba wakadhani kuna mtu anayetembea na kurunzi. Mwaka 2013, akiwa bado mvulana, alialikwa Marekani kueleza uvumbuzi wake mbele ya ulimwengu. Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, yule hakuwa na maabara. Alikuwa na betri ya gari, kifaa cha indiketa cha pikipiki, taa za kurunzi zilizovunjika na sababu ya kutolala.

Kaka alisikiliza yote haya. Akasema Kajiado ni kubwa, si Kitengela tu. Hilo ni kweli, na ni vizuri msomaji wa jijini alijue. Mtu akiteremka barabara hiyo hiyo ya Namanga na kukata kushoto atafika Amboseli, mbuga tangu 1974, ambako mvua ni haba kabisa lakini vinamasi havikauki, kwa kuwa maji yake hupenyeza chini ya miamba kutoka Mlima Kilimanjaro na kuchomoza katika uwanda. Ndovu husimama humo hadi tumboni wakila matete kama ng'ombe waliovamia shamba la mahindi. Upande wa magharibi kuna Ziwa Magadi, ambako samaki wadogo huishi katika maji ya moto na ya chumvi ambayo yangemuua samaki mwingine yeyote. Huko huko mwaka 1962 heroe walitaga kwa wingi, na magadi yakaganda miguuni mwa vifaranga kama pingu. Watu wa kujitolea waliingia katika matope hayo makali, wakazivunja pingu hizo mguu kwa mguu na kuokoa vifaranga kwa maelfu. Nikiwaza kazi hiyo magoti yangu yanauma.

Lakini hizo ni sehemu zenye majina. Ploti ya kaka haina jina katika ramani yoyote. Vinamasi vidogo kama hicho ndivyo vingi zaidi, na kazi yao ni ile ile. Udongo mweusi wenye matete hunywa maji ya mvua kama sponji, ukayaachilia pole pole mtoni miezi ya kiangazi. Matete na mafunjo huchuja uchafu. Ukimwaga kifusi hapo ukajenga, maji hayatoweki. Yanatafuta nyumba ya jirani, au yanarudi kwako.

Na kwa hili sikuhitaji kitabu. Aprili na Mei 2024 mvua za masika ziliua zaidi ya watu 200 kote nchini, na Kitengela ilikuwa miongoni mwa mahali ambapo mto ulivunja kingo na watu wakasubiri kuokolewa juu ya nyumba zao. Kaka aliziona picha hizo katika runinga kama sisi sote. Baada ya hapo serikali iliwahamisha wengi waliojenga kando ya mito. Kanuni za maji hutaka ukingo uachwe wazi kuanzia mita 6 hadi 30, ikitegemea upana wa mto, na vipimo huanzia pale maji yanapofika mto ukijaa, si pale unapoyakuta Septemba. Hakuna dalali atakayekuonyesha ploti mwezi wa Aprili.

"Mimi nikiiacha," akasema kaka, sauti imeshuka, "mwingine ataichukua kesho. Na hao yangeyange wako watafukuzwa na huyo mwingine. Sasa faida ni ya nani?"

Binti yangu akajibu kabla yangu. "Mjomba, lakini wewe hutalala ndani ya maji."

Kaka hakukasirika. Alimwangalia kwa muda, akamsukumia mfupa uliobaki.

Kijana wake ndiye aliyeleta shauri lenye maana. Alisema hatuna haja ya kubishana kwa maneno, kwa sababu mambo haya hupimwa. Kwanza, tafuta mpima ardhi mwenye leseni, si mjomba wa dalali, aje na ramani ya eneo aonyeshe mkondo wa maji unapita wapi. Pili, waulize waliokuwapo. Mzee mmoja wa Kimaasai tuliyempita na kondoo wake asubuhi alikuwa akiishi mita mia tatu kutoka pale. Mtu kama huyo anajua maji yalifika wapi mwaka ule wa mvua za El Niño, 1997, na mwaka 2024 pia. Hiyo haigharimu kitu ila salamu na uvumilivu.

Tulirudi kabla ya giza. Mzee alitupokea kwa heshima, akawashika watoto kichwani kuwasalimu, akatusikiliza. Hakusema usinunue. Alituongoza hadi kwenye mgunga mmoja ulio nje ya ploti, upande wa juu, akatuonyesha alama ya tope kavu kwenye gome. Ilikuwa juu ya kiuno changu. Halafu akatwambia kwamba hapo chini, penye sebule ya kaka, ndipo babake alipokuwa akiwanywesha ndama wakati wa ukame, kwa sababu visima vingine vyote vilikauka na hicho kilikuwa hakikauki.

Kaka aliutazama ule mgunga, akaitazama ploti, akautazama tena mgunga. Alimshukuru mzee kwa mikono miwili.

Njiani hakuna aliyezungumza mpaka Mlolongo. Binti yangu alikuwa anaandika kazi yake kwa mwanga wa simu. Alikuwa ameanza na viboko, akafuata mamba, na nilipochungulia begani pake nikaona sehemu ya mwisho ameipa kichwa: "Bwawa la pili".

Alhamisi kaka alinipigia. Mpima ardhi alikuwa amefika. Baada ya kuacha ukingo unaotakiwa, katika futi 50 kwa 100 kulikuwa kumebaki kipande ambacho, kwa maneno ya kaka, kingetosha choo na tangi la maji. Dalali naye, aliposikia mpima ardhi alikuwapo, amepunguza bei mara mbili katika siku moja. Kuna ploti nyingine, anasema, juu mwinukoni, ndogo kidogo, kavu kabisa, na bei yake ni ile ambayo kaka hana. Anataka kujua kama sisi ndugu tunaweza kuchanga.

Nimemwambia aje Jumapili tule pamoja, tuone.